Moto mgodini: kukimbia au kujifungia?

Mwamba wa dhahabu au wa fedha hauwaki. Kinachowaka chini ya ardhi ni dizeli, matairi ya mashine, mbao, nyaya na povu la plastiki linalopakwa kutani. Kwa sababu hiyo wapo wanaotaka pesa zitumike kuzuia moto na kuongeza njia za kutokea, badala ya kununua vyumba vya chuma vya kukimbilia, ambamo wachimbaji hujifungia na hewa yao wakisubiri kuokolewa. Hoja yao ina uzito. Huko Kinross, Afrika Kusini, mwaka 1986, povu la aina hiyo lilishika moto wakati wa kazi ya kuchomelea, na watu 177 wakafa. Lisingekuwapo, wasingehitaji pa kukimbilia.

Hata hivyo, anayekiona chumba hicho kama jeneza na azingatie yaliyotokea Sunshine, mgodi wa fedha wa Idaho, Marekani, tarehe 2 Mei 1972. Wachimbaji 91 walikufa kwa moshi na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, wengi wao wakiwa mbali na miali. Moshi ulikuwa umeingia katika hewa safi waliyopelekewa, hivyo njia ya kutokea ikageuka kuwa njia ya sumu. Wengine walifika hadi kwenye shafti, yaani shimo la wima la kupandia na kushukia, wakasubiri kupandishwa, lakini mwendesha winchi, mashine ya kuwavuta juu, naye alikuwa amekufa. Wawili waliookolewa hai baada ya siku saba, kwenye ngazi ya futi 4,800 chini ya ardhi, walikuwa wametulia mahali palipopata hewa safi kupitia tundu lililochorongwa. Hewa hiyo waliipata kwa bahati; chumba cha kukimbilia hujengwa ili mtu asiitegemee bahati.

Mwongozo wa Australia Magharibi unataka chumba kihifadhi watu kwa saa 36, na mtu asitembee zaidi ya mita 750 kukifikia. Kwenye ramani, mita 750 ni mwendo mfupi. Katika moshi mzito, mtu amebanwa pua, ameng'ata kifaa cha kujiokoa kinachompa hewa ya kupumua kwa muda mfupi, taa ya kofia haimwonyeshi hata buti zake, naye anapapasa ukuta kwa kiganja akipanda mteremko huku pumzi zikienda mbio, na kila pumzi inapunguza muda wa kifaa hicho.

Chumba kisichokaguliwa ni hatari, na hilo silipingi. Lakini linadai ukaguzi, halidai kukiondoa. Uchimbaji unaposogea mbele, chumba nacho kihamishwe, na zile mita zipimwe upya kabla ya zamu kushuka.