Chipu Iliyopimwa Nusu Iuzwe kwa Jina Lake

Mwaka jana niliongeza RAM, yaani chipu za kumbukumbu ya muda, kwenye kompyuta yangu ya kazi. Asubuhi ilikuwa nzima kabisa. Ikifika saa nane mchana, joto la Dar es Salaam limekolea, skrini inageuka buluu na kazi yote imepotea. Nikalaumu umeme, nikalaumu Windows, hadi usiku mmoja nikawasha Memtest86, programu ya kupima RAM, na kuiacha mpaka alfajiri. Nilikuta mistari myekundu imejaa skrini, na anwani ya kosa karibu ileile kila mstari. Kipande kidogo cha chipu moja ndicho kilichonitesa wiki tatu.

Tangu hapo naziheshimu mashine za kupimia chipu kuliko hata zile za kuzitengenezea.

Seli ya RAM hutunza biti moja, yaani sifuri au moja. Ni kapasita, kijihifadhi cha umeme kidogo mno kinachoshika chaji, na chaji huvuja. Ndiyo maana huongezwa upya, kwa kawaida kila milisekunde 64 au 32 kutegemea aina ya RAM. Seli dhaifu huvuja kabla ya zamu yake, na ikipata moto huvuja upesi zaidi. Ikiwa ya baridi inakudanganya. Kwa hiyo kiwandani chipu hupashwa moto, ikaandikwa sifuri na moja kwa mipangilio mbalimbali, kisha ikasomwa kuona kama bado inakumbuka.

Sasa piga hesabu. Chipu ya Intel 1103 ya mwaka 1970 ilikuwa na biti 1,024. Ya leo ya gigabiti 16 ina seli zaidi ya bilioni 17. Jaribio linaloitwa March C- hugusa kila seli mara 10, kwa kuiandika au kuisoma. Ukizigusa mojamoja, mara bilioni moja kwa sekunde, utatumia karibu dakika tatu kwa chipu moja, na hilo ni jaribio moja tu kati ya mengi. Ndiyo maana mashine za kampuni kama Advantest ya Japani hupima mamia ya chipu kwa mpigo. Tena zinapaswa kwenda na mwendo wa chipu yenyewe: DDR5, kizazi cha RAM cha kompyuta za sasa, iliingia sokoni ikianzia biti bilioni 4.8 kwa sekunde katika kila njia ya data, yaani biti moja hupita kwa pikosekunde (trilioni moja ya sekunde) 208 hivi. Anayepima kitu cha namna hiyo lazima saa yake iwe makini kuliko ya anayepimwa.

Kasi hiyo si anasa. Kila sekunde kwenye mashine ni gharama, na mashine ikiwa ya polepole, kinachokatwa ni majaribio.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba chipu yenye kasoro chache haitupwi. Ina safu za seli za akiba. Mashine ikigundua safu mbovu, fyuzi huchomwa na ya akiba inashika nafasi yake.

Lakini soko la dunia lina pia daraja liitwalo eTT, chipu za bei nafuu ambazo hazikupitia majaribio yote. Sina ugomvi nazo. Kwenye mdoli unaoimba zinatosha. Ugomvi wangu ni kuuziwa bila kuambiwa. Dukani utatajiwa gigabaiti na kasi, hutasikia neno kuhusu upimaji. Nataka daraja liandikwe kwenye lebo, kwa herufi zinazosomeka.

RAM yangu ile mbovu, muuzaji alinibadilishia bila ubishi. Hiyo ya pili niliipima usiku kucha, madirisha nimefunga na feni nimezima, kabla sijafungua faili hata moja.