Msuli Uliokosa Nguvu ya Kuachia

Paka wetu mzee alikufa alfajiri. Nilikuwa na kazi ya kumaliza, nikamfunika kwa kitambaa na kujiambia nitamzika jioni. Jioni ilipofika nilitaka kumkunja kama alivyozoea kulala, pua imefichwa chini ya mkia, nikashindwa. Miguu ilikuwa imenyooka na kukaza kama kuni. Sikuwa na moyo wa kumlazimisha, nikamrudishia kitambaa chake.

Mtu mmoja aliniambia hiyo ni baridi ya mauti. Mwingine akasema ni damu iliyoganda. Nimesoma mengi kuhusu jambo hili tangu siku ile, na naamini maelezo hayo mawili, pamoja na kwamba si kweli, yanatuficha kitu tunachopaswa kukijua sisi tunaofuga wanyama na kula nyama yao.

Hoja ya baridi haisimami. Mzoga ulioachwa kwenye joto hukakamaa upesi kuliko uliowekwa mahali penye ubaridi wa wastani. Hoja ya damu nayo ni hivyo hivyo: mnyama aliyechinjwa na kutoka damu hukakamaa sawa na aliyejifia. Kinachokaza ni msuli wenyewe.

Ndani ya msuli kuna nyuzi za aina mbili zilizopangwa zikaingiliana, mfano wa vidole vya mikono miwili vilivyopishanishwa. Nyembamba huitwa aktini, nene huitwa mayosini. Mayosini ina vichwa vidogo vinavyoidaka aktini, kuivuta, kuiachia, kisha kuidaka tena mbele kidogo. Vichwa hivyo vikifanya kazi kwa pamoja, mnyama anaruka, anatafuna, anapumua. Nishati yao ni kemikali iitwayo adenosini trifosfeti, au kwa kifupi ATP.

Hapa ndipo nilipopigwa na mshangao. Nilidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba msuli hutumia nguvu kukaza, na kulegea hakuna gharama. Lakini angalia mtego wa panya. Kazi iko kwenye kuutega. Ukishategwa, kufyatuka hakuombi jasho la mtu. Kichwa cha mayosini kiko vivyo hivyo. ATP ikikiingia, kinaiachia aktini, na nishati ya ATP hiyo hiyo inakitega upya kwa mvuto unaofuata. Kikishadaka na ATP ikakosekana, hakina njia ya kuachia. Kinabaki kimeng'ang'ania kama kupe.

Kwa hiyo mwili uliokakamaa haukazi kwa nguvu yoyote. Umekosa nguvu ya kulegea. Ndiyo maana pia haukunji viungo vyake kwenda mahali pengine: unakaza palepale ulipolala.

Kiswahili kina usemi wa kukata roho, na usemi huo unatufanya tuone kifo kama kamba inayokatwa kwa pigo moja. Msuli hauendi hivyo. Moyo ukisimama, oksijeni haifiki tena, lakini msuli unaendelea na kazi zake kwa saa kadhaa. Kwanza unatumia akiba ndogo ya fosfokreatini, kemikali inayosaidia kuirudisha ATP iliyotumika. Kisha unavunjavunja glikojeni, sukari iliyohifadhiwa ndani yake, bila oksijeni, na kuzalisha asidi ya laktiki. ATP inayopatikana kwa njia hiyo ni kidogo mno. Wakati huo vifuko vinavyohifadhi kalsiamu ndani ya seli vinaanza kuvuja, kwa sababu pampu za kuirudisha kalsiamu nazo zinaendeshwa na ATP. Kalsiamu ndiyo inayofungua njia ya mayosini kuidaka aktini. Akiba inaisha, vichwa vimeshadaka, na mzoga unakuwa kuni. Hata vile vimisuli vidogo vilivyo kwenye mashina ya nywele hukaza, ndiyo maana maiti huweza kuonekana imesisimkwa.

Mwanzoni wanasayansi nao hawakuliona hivyo. Wilhelm Kühne, aliyeipa mayosini jina lake mwaka 1864, alidhani misuli hukakamaa kwa sababu protini hiyo huganda. Jambo halikunyooka hadi miaka ya 1940, pale maabara ya Albert Szent-Györgyi huko Szeged, Hungaria, ilipoonyesha jinsi aktini, mayosini na ATP zinavyohusiana. Mwaka 1947 E. C. Bate-Smith na J. R. Bendall wa Uingereza wakaonyesha kwamba ugumu wa msuli unafuatana na kupotea kwa ATP.

Kuhusu muda sitasema mengi, maana unategemea joto, ukubwa wa mwili na hali ya mnyama. Kuku hukakamaa ndani ya saa moja hivi, ng'ombe huweza kuchukua saa 6 hadi 12 au zaidi. Kwa binadamu ugumu huonekana kwanza kwenye kope na taya, halafu shingo, na miguu mwishoni, mpangilio ambao daktari Pierre-Hubert Nysten aliueleza mwaka 1811. Misuli yote huanza safari pamoja, ila midogo huonyesha mapema.

Hali ya mnyama ndilo jambo ninalotaka tulikalie kitako. Glikojeni aliyokufa nayo huamua mengi yanayofuata. Ng'ombe aliyepumzika, akanywa maji, akafa ametulia, anabaki na akiba ya kutosha. Asidi inaongezeka polepole, pH ya msuli (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) inashuka kutoka 7 na kidogo hadi kwenye 5.5 hivi, na nyama inakuwa nyekundu ya kupendeza na kukaa vizuri. Sasa chukua ng'ombe aliyesafirishwa mbali amesimama, akachanganywa na madume asiyoyajua wakapigana usiku kucha, akakimbizwa kwa fimbo hadi mlangoni. Glikojeni ameimaliza akiwa hai. Anakakamaa upesi, asidi haipatikani ya kutosha, pH inaishia juu ya 6. Nyama yake ni nyeusi, inanata mkononi, na bakteria huiharibu haraka. Kwa nguruwe mambo huweza kwenda kinyume: akitiwa hofu dakika za mwisho, asidi inajaa ghafla mwili ungali wa moto, protini zinaharibika, na nyama inatoka imepauka na kuchuruzika maji.

Nimesikia mara nyingi watu wakisema mnyama anakwenda kufa, kwa nini tuhangaike na starehe yake. Nakataa kwa moyo wangu wote. Ningekataa hata kama nyama isingebadilika kitu, kwa sababu hofu ya mnyama ni mateso halisi kwake. Lakini kwa yule asiyeguswa na hilo, mnofu wenyewe ni shahidi. Kila pigo na kila mbio za saa za mwisho zimepunguza kitu ndani ya msuli, na kisu hakiwezi kukirudisha.

Haraka ya baada ya kuchinja nayo ina madhara yake. Huko New Zealand, mwaka 1963, watafiti R. H. Locker na C. J. Hagyard walieleza kinachotokea msuli ukipozwa sana kabla haujakakamaa. Ukishuka chini ya nyuzi joto 10 hivi wakati ATP bado ipo, kalsiamu inamwagika, nyuzi zinavutana na kujifupisha kupita kiasi, kisha zinakakamaa zikiwa zimejikunyata. Nyama ya namna hiyo utaitafuna hadi taya likuume. Mnyama alikuwa mzuri, akaharibiwa na friji iliyowahi.

Halafu ugumu hupita. Nilidhani vichwa vya mayosini hatimaye huachia, lakini sivyo. Mshiko wao haulegei. Vimeng'enya vya msuli wenyewe, hasa kalpaini, vinakatakata protini zinazoshikilia mpangilio wa nyuzi, na msuli wote unafumuka kama kitambaa kando ya mafundo ambayo bado yamekaza. Ndiyo sababu nyama ya ng'ombe iliyotundikwa siku kadhaa kwenye ubaridi huwa laini kuliko ya jana.

Anayefiwa na mnyama wake namshauri amlaze mapema, katika saa ya kwanza, kwa namna anayotaka apumzike, kwa sababu mwili utaushika mkao huo. Akichelewa kama mimi, asivunje viungo kwa nguvu. Kesho yake mchana nilimfunua paka wetu tena. Shingo ilikuwa imelegea, miguu ya mbele ikakubali bila kulazimishwa, ya nyuma ikafuata taratibu. Nikaleta mkia hadi puani, nikamzika.