Njaa ya Macario

Ukiniuliza filamu ya Meksiko ninayoipenda kuliko zote, sitafikiri mara mbili: ni Macario ya mwaka 1960, iliyoongozwa na Roberto Gavaldón. Wengi wetu tuliijua Meksiko kupitia tamthilia za runinga, zile za matajiri wanaolia kwenye majumba makubwa. Sinema yao bora iko kwa wenye njaa.

Macario ni mkata kuni wa enzi za ukoloni wa Kihispania. Ana watoto wengi, na chakula hakitoshi kamwe. Siku moja anawaona bata mzinga wa kuchoma wa matajiri, anaapa: hatakula tena mpaka apate bata mzinga mzima, ale peke yake. Mkewe, ambaye hufulia matajiri nguo, anaiba mmoja, anampika usiku na kumfungashia mumewe akienda msituni.

Huko wanamjia watatu, kila mmoja akiomba kipande. Ibilisi ananyimwa. Mungu naye ananyimwa, maana mwenye kila kitu hana haja ya paja la bata. Wa tatu ni Mauti, kaja kwa sura ya mkulima fukara mwenye njaa, na huyu anapewa nusu nzima. Macario anajua kwamba Mauti akishafika muda umekwisha, kwa hiyo anapiga hesabu: wakati mgeni anatafuna, mwenyeji naye atawahi kutafuna. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini waliotunga onyesho hili walimjua vizuri. Walimpa maskini akili, wasiishie kumpa wema.

Mpiga picha wa Macario, Gabriel Figueroa, ndiye aliyepiga María Candelaria ya mwongozaji Emilio Fernández, filamu iliyotunukiwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 1946. Hiyo naiheshimu tu. Dolores del Río, aliyekwisha kuwa nyota Hollywood, anaigiza mwanamke wa jamii ya wenyeji wa asili huko Xochimilco, kusini mwa Jiji la Meksiko, na dhiki yake yote imepambwa kwa mwanga laini na mawingu meupe. Umaskini unapendeza mno hata hauumi.

Figueroa huyohuyo, chini ya Luis Buñuel, alipiga Los olvidados ya mwaka 1950, na humo pambo hakuna. Vijana wa mitaani wa Jiji la Meksiko wanampiga mawe mwanamuziki kipofu, na yule kipofu mwenyewe ana roho mbaya. Mtoto Pedro anaota mama yake anamletea pande la nyama mbichi. Mkono wa Jaibo, kiongozi wa vijana wale, unachomoza chini ya kitanda na kulipokonya. Yaani hata ndotoni mtoto huyu hashibi! Watazamaji wengi wa Meksiko waliona nchi yao imetukanwa, na filamu ikaondolewa kumbini baada ya siku chache. Mwaka 1951 Buñuel akashinda tuzo ya mwongozaji bora Cannes, nayo ikarudi kuonyeshwa. Hasira zile nazielewa, ila kwangu tusi lingekuwa kuwafanya watoto wale malaika.

Roma ya Alfonso Cuarón, ya mwaka 2018, naiweka karibu na Macario na Los olvidados, ingawa nina neno nayo. Jioni familia inatazama runinga. Cleo, mfanyakazi wa ndani, anakaa chini kando yao, mtoto anamkumbatia, na papo hapo anatumwa akalete chai. Kila nyumba yenye dada wa kazi inaijua sekunde ile. Yalitza Aparicio, ambaye hakuwa amewahi kuigiza, anaibeba filamu nzima. Hata hivyo Cleo anaongea kidogo mno. Macario alipewa nafasi ya kujieleza mbele ya Mungu na Mauti. Cleo anapendwa sana, anaulizwa mara chache. Cuarón aliitengeneza kwa kumkumbuka yaya aliyemlea, na mapenzi hayo yanaonekana. Sasa natamani kuiona nyumba ileile ikisimuliwa na mwongozaji aliyekulia chumba cha mfanyakazi.