Kabla ya Kuandaa Somo: Tumchunguze Mwanafunzi kwa Kiasi Gani?

Ofisi moja iliwahi kuniomba niandae mafunzo ya siku tano kwa makarani wake wanaoingiza kumbukumbu kwenye kompyuta. Lalamiko lilikuwa kwamba tarehe za kuzaliwa zinakosewa mno, na ushahidi haukuwa wa kutafuta: ukizipanga kumbukumbu kwa tarehe, umati mzima wa watu ulionekana kuzaliwa Januari 1. Wakuu walikuwa wamekwisha kujaza hojaji ya tathmini ya mahitaji, na jibu lao lilikuwa moja, kwamba makarani hawaijui programu, kwa hiyo wafundishwe upya. Niliomba siku tatu za kukaa tu kando ya makarani kabla sijaandika chochote. Asubuhi ya kwanza, karani mmoja alichukua fomu ya karatasi ambayo mwombaji alikuwa ameandika mwaka wa kuzaliwa peke yake, bila siku wala mwezi. Programu ilikataa kwenda ukurasa wa pili bila tarehe kamili. Karani, pasipo hata kusita, akaandika 01 kwenye siku, 01 kwenye mwezi, akabonyeza, akavuta fomu nyingine. Programu ile aliijua kuliko mimi.

Kisa hiki kinaelekea kuwapa ushindi wa moja kwa moja wale wanaoshikilia kwamba mtu asiandike hata lengo moja la somo kabla hajawachunguza walengwa wake, nami kwa sehemu kubwa niko upande wao. Hata hivyo, wapo wakufunzi makini, tena wenye uzoefu wa miaka mingi, wanaoona kwamba hatua hii imekuzwa kupita stahili yake: inakula muda, inazaa ripoti zisizosomwa, na inamfungia mwanafunzi ndani ya picha iliyochorwa kabla hajafungua mdomo.

Watetezi wa uchambuzi huu wa walengwa wana historia ndefu ya kuegemea. Ralph Tyler, alipoandika kuhusu mitaala mwaka 1949, aliwahesabu wanafunzi wenyewe kuwa mojawapo ya vyanzo vitatu vya malengo ya elimu, pamoja na maisha ya jamii ya wakati huo na ushauri wa wataalamu wa masomo. Mwaka 1975, Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kilipoliandalia Jeshi la Marekani utaratibu wa kusanifu mafunzo, hatua ya kwanza kati ya tano ilikuwa uchambuzi, na wasanifu wengi hadi leo wanafuata mpangilio uliotokana na ule. Mantiki yake inaeleweka. Anayewafundisha maelfu ya watu kazi ileile, kundi baada ya kundi, atalirudia kosa la mwanzo kwa kila kundi linaloingia darasani.

Hapa lugha yenyewe inatuponza kidogo. Tunasema mtu “anahitaji” mafunzo tukiwa na maana kwamba anayataka, au kwamba mkubwa wake anamtakia, au kwamba kazi haiendi bila hayo, na mambo hayo matatu ni tofauti kabisa. Roger Kaufman, mmoja wa waliolishughulikia suala hili tangu miaka ya 1970, alisisitiza kwamba hitaji ni pengo kati ya matokeo yaliyopo na matokeo yanayotakiwa, na kwamba mafunzo ni njia mojawapo tu ya kuliziba. Kwa kipimo hicho, kauli ya “makarani wanahitaji mafunzo ya programu” si hitaji. Ni dawa iliyotajwa kabla ya mgonjwa kupimwa. Robert Mager na Peter Pipe walikuwa na swali kali zaidi, walilolitoa mwaka 1970: je, mtu huyu angeweza kuifanya kazi hiyo kama uhai wake ungetegemea kuifanya? Kama angeweza, basi tatizo halimo katika ujuzi wake, na darasa halitalitatua. Makarani wale wangepita mtihani huo asubuhi na mapema. Kilichokosekana ni sehemu ya kuandika “mwaka pekee” kwenye skrini.

Hoja ya pili ya upande huu, nayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ni ya maarifa ya awali. David Ausubel aliandika mwaka 1968 kwamba miongoni mwa yote yanayoathiri ujifunzaji, linalopita mengine ni kile ambacho mwanafunzi amekwisha kukijua. Chukua darasa linalojifunza hesabu za sehemu. Ukiwauliza wanafunzi kama wanazijua, mikono itainuka. Waandikie ubaoni 1/3 na 1/4, uwaulize ipi ni kubwa, na wapo watakaosema 1/4 kwa kuwa 4 inaizidi 3. Waambie wazijumlishe, na wapo watakaokuletea 2/7, wakiwa wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Sasa mchukue mmoja wa hao, ufute ubao, umuulize kwa mdomo: kati ya nusu na robo, ipi kubwa? Mara nyingi atajibu sawasawa bila kufikiri, kwa kuwa maneno hayo amekua nayo. Maana ya ukubwa anayo. Asichokuwa nacho ni daraja la kuifikisha maana hiyo kwenye tarakimu mbili zilizotenganishwa kwa mstari. Mwalimu aliyepata habari hiyo kwa dakika tano ataanza somo mahali tofauti kabisa na mwalimu aliyeanza na kanuni ya kutafuta asili ya pamoja.

Tena si suala la wanaojua kidogo tu. Mwaka 2003 Slava Kalyuga na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti zilizoonyesha kwamba maelekezo ya hatua kwa hatua yanayomsaidia anayeanza huweza kumzuia aliyekwisha kuiva, kwa kuwa anatumia akili yake kupatanisha maelezo asiyoyahitaji na ujuzi alio nao. Ikiwa ni hivyo, kutomjua mwanafunzi hakuishii kwenye kumchosha. Somo lilelile, lililoandikwa vizuri, linaweza kumpunguzia uwezo wake.

Upande wa pili unaanza na jambo ambalo kila aliyewahi kusambaza hojaji analijua: watu hawawezi kueleza wasichokijua. Anayeanza kujifunza hajui ramani ya uwanja anaouingia, kwa hiyo anaomba vile alivyowahi kuvisikia. Mkuu wake naye anaomba kinachoonekana kutokea ofisini kwake, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Matokeo yake ni ripoti yenye jedwali za kupendeza ambazo ndani yake hamna hitaji hata moja, bali matakwa ya watu waliolazimika kuweka tiki mahali fulani ili waendelee na shughuli zao.

Pingamizi la pili ni la picha ya “mlengwa”. Nyaraka nyingi za maandalizi hufunguliwa na mtu wa kufikirika: ana miaka kati ya 25 na 40, ana simu, hana muda, anapenda mifano ya vitendo. Mtu huyo hayupo. Mwaka 1952 Gilbert Daniels, aliyekuwa akichambua vipimo vya miili ya marubani 4,063 wa Jeshi la Anga la Marekani, aliangalia ni wangapi wanaoangukia katika eneo la wastani kwa vipimo kumi kwa pamoja. Hakumpata hata mmoja. Ikiwa mikono na vifua vya watu wa kazi moja havikubali kuwekwa katika wastani, maarifa na hofu zao vitakubalije? Kwa sababu hiyo wapo wanaoshauri kwamba badala ya kumtafuta mwanafunzi wa kawaida, msanifu aandae tangu mwanzo njia kadhaa za kulifikia somo, kwa maandishi, kwa sauti, kwa vitendo, ili kila atakayekuja apate pa kuingilia. Shirika la CAST la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1984, limejulikana kwa msimamo huo.

Uainishaji wa namna hii umewahi kutupotosha vibaya, nao mfano wake ungali hai katika vyumba vya mafunzo. Ni zile hojaji za mitindo ya ujifunzaji, zinazompa mtu lebo ya kuwa mwenye kujifunza kwa macho, kwa masikio au kwa vitendo. Frank Coffield na wenzake, katika mapitio yao ya mwaka 2004, walihesabu miundo 71 ya mitindo hiyo, wingi ambao peke yake ungetosha kumtia mtu shaka. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walitafuta ushahidi kwamba kumfundisha mtu kulingana na lebo yake kunamfanya ajifunze zaidi, wakahitimisha kwamba ushahidi wa kutosha haupo. Bado kuna wakufunzi wanaozigawa hojaji hizo asubuhi ya kwanza kwa nia njema kabisa, wakiamini kwamba hapo wamemchambua mwanafunzi.

Pingamizi la tatu ni la wakati. Steven Tripp na Barbara Bichelmeyer walipendekeza mwaka 1990 kwamba wasanifu wa mafunzo waige watengenezaji wa programu za kompyuta: waandae kielelezo cha haraka cha somo, wakijaribu kwa watu wachache, wakirekebishe, wakijaribu tena. Katika mtazamo huo mahitaji hayachimbuliwi yote mwanzoni kama madini. Mengine huzaliwa mwanafunzi anapokutana na somo lenyewe. Kwa fani zinazobadilika kila baada ya miezi michache, hoja hii haina jibu jepesi, maana uchambuzi wa miezi sita unaweza kukamilika kazi iliyochambuliwa ikiwa haifanyiki tena kwa namna ile.

Nikizipima pande hizi, naona kwamba mabishano yao mengi yanatokana na neno moja kubebeshwa kazi mbili. Wanaoshambulia uchambuzi kwa kawaida wanaishambulia hojaji, na wanaoutetea wana mawazoni mtu aliyekaa kando ya mfanyakazi au aliyeuliza swali la 1/3 na 1/4. Kuuliza watu wanataka nini na kuwatazama wakifanya si kitu kimoja. Kipimo ninachokitumia mimi ni cha kiuchumi tu: swali liulizwe ikiwa jibu lake linaweza kubadilisha uamuzi fulani wa somo. Kama umri wa washiriki hautabadilisha mfano, kasi wala lugha ya mafunzo, usiuulizwe; badala yake iwekwe kazi fupi inayofanana na ile watakayofundishwa, kisha mtu aangalie wanapokwama. Kwa kipimo hiki hojaji nyingi zenye maswali 40 zingebaki na sita au saba, nadhani kwa manufaa ya kila mtu.

Hata hivyo, kipimo hicho hakigusi swali la nani mwenye haki ya kutaja hitaji. Tom Hutchinson na Alan Waters, mwaka 1987, walipoandika kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kwa shughuli maalumu, waliyatenganisha mambo matatu: yale ambayo kazi inamlazimu mtu ayajue, yale yanayompungukia, na yale anayoyataka mwenyewe. Mwajiri huyaona mawili ya kwanza na kulisahau la tatu. Mfano ulio kinyume na hapo ni kazi ya Paulo Freire huko Angicos, kaskazini-mashariki mwa Brazil, mwaka 1963, ambako wafanyakazi wapatao 300 walifundishwa kusoma na kuandika kwa takriban saa 40. Mbinu yake ilianza na kuyasikiliza maneno ambayo watu wenyewe walikuwa wakiyatumia katika maisha yao, kisha kuyateua machache yaliyobeba uzito wa maisha hayo pamoja na sauti za lugha. Neno kama tijolo, yaani tofali, lililokuwamo katika mojawapo ya orodha za mbinu hiyo, lilivunjwa kuwa silabi, na silabi hizo zikazaa nyingine, na kutoka hapo mtu akaunda maneno yake mwenyewe. Wanaozinukuu zile saa 40 kuwa ushahidi wa mbinu ya haraka mara nyingi hawazihesabu saa za kusikiliza zilizotangulia. Nao wanaolalamika kwamba uchambuzi ni anasa ya wenye muda wangefanya vyema kuziangalia saa hizo upya, kwa kuwa ndizo zilizozifupisha nyingine.

Kuhusu makarani wangu, niliandika ripoti ya kurasa mbili nikipendekeza skrini irekebishwe na mafunzo yafutwe. Skrini ilirekebishwa. Mafunzo hayakufutwa, kwa sababu yalikuwa yamekwisha kuingizwa katika bajeti ya mwaka, kwa hiyo tulikutana, siku mbili badala ya tano, nikiwa na kielelezo chepesi cha somo na bila uhakika wa cha kufundisha. Mchana wa siku ya kwanza karani mmoja alinyanyua fomu na kumuuliza mwenzake, wala hakuniuliza mimi, kama tarakimu ile ni 1 au 7. Wakaanza kubishana chumba kizima. Ilibainika kwamba kila mmoja alikuwa na desturi yake ya kukisia mwandiko wa waombaji, na kwamba hapakuwa na aliyewahi kulisema kwa sababu kila mmoja alidhani wenzake wanaona vizuri. Jambo hilo halikuwamo katika hojaji ya wakuu, wala sikuliona katika siku tatu nilizokaa kando yao nikiamini kwamba nimeona yote. Siku ya pili yote tuliitumia kwa hilo.