Maneno ya Filamu Yasipotelee Kwenye Diski

Ukumbi wa kanisa kule Ahero ulijaa hadi madirishani usiku tulipoonyesha filamu ya vijana wa hapa Kisumu. Diski nilikuwa nimeichoma mimi. Mvua ya kwenye filamu ilisikika, pikipiki ikanguruma, muziki ukapanda vizuri. Kisha mama mhusika akafungua mdomo, na hakuna neno lililotoka. Mzee aliyeketi mbele yangu akageuka: "Kijana wangu, huyu mama anasema nini?"

Swali hilo limenikaa moyoni hadi leo.

Kila mtu alilaumu deki. Tukapangusa lenzi, tukabadilisha waya, tukajaribu nakala nyingine. Wapi! Deki haikuwa na hitilafu. Sauti ya sinema huwa na chaneli sita, ile mafundi huita 5.1: kushoto, kati, kulia, mbili za pembeni, na moja ya besi. Mazungumzo karibu yote hukaa katika ile ya kati. Ukumbi ule una spika mbili tu, lakini mtu fulani aliwahi kuiweka menyu ya deki kwenye spika tano. Kwa hiyo deki ilikuwa ikiyapeleka maneno ya mama yule kwenye tundu lisilo na waya. Ukiiweka kwenye spika mbili, hiyo ya kati inachanganywa kushoto na kulia, na maneno yanarudi.

Lakini mimi sikubali kwamba ni kazi ya mwenye ukumbi kujua hayo. Ni kazi yetu tunaochoma diski. Dividii inaruhusu hadi mikondo 8 ya sauti, yaani matoleo ya sauti ya filamu ile ile, basi wa kwanza uwe wa stereo, wa kushoto na kulia tu, na ule wa chaneli sita ufuate kwa aliye na vyombo vyake. Wenzangu wa Kondele hunijibu kwamba nafasi haitoshi. Hebu tupige hesabu. Sauti ya sinema isiyobanwa, chaneli sita za ubora wa biti 24 kwa kHz 48, hula zaidi ya GB 6 kwa filamu ya saa mbili, na dividii ya kawaida hubeba GB 4.7. Hapo kweli haiingii. Ikibanwa kwa Dolby Digital, mbinu ya kubana sauti, ya kbps (kilobiti kwa sekunde) 448, inashuka hadi MB 403 hivi. Stereo ya kbps 192 inaongeza kama MB 173 tu. Picha haitaumia kwa kiasi hicho.

Waliotutangulia walilijua jambo hili. Mfumo wa sauti wa DTS ulipoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1993 na filamu ya Jurassic Park, sauti ilikuwa kwenye sidii pembeni, na mkanda wa filamu ulikuwa na alama za muda za kuiongoza. Alama zikipotea au sidii ikikwama, mashine ilirudi kwenye sauti ya kawaida iliyochapwa kwenye mkanda wenyewe. Mtazamaji hakuachwa bila maneno. Mimi nataka mtazamaji wa Ahero apewe heshima hiyo hiyo.

Kuna kosa jingine linalonisumbua, la midomo kutolingana na sauti. Kabla ya kugusa chochote, tazama mwanzo wa filamu kisha uruke hadi mwisho. Ikiwa pengo ni lile lile, sogeza sauti mara moja na umemaliza. Likiwa linakua, shida ni mwendo: filamu ya sinema huenda fremu 24 kwa sekunde, nasi Kenya tunatumia PAL, mfumo wa video wa fremu 25. Picha ikiharakishwa na sauti ikaachwa ilivyokuwa, kila dakika ya filamu sauti inabaki nyuma sekunde 2.4, na saa mbili zikiisha ni karibu dakika tano. Kusogeza hakutasaidia hapo. Ni lazima sauti nayo iharakishwe kwa kiwango kile kile.

Siku hizi sitoi diski dukani kabla sijaisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho, kwa deki ya zamani na spika mbili. Nakala mpya ya filamu ile iko tayari, stereo ikiwa mkondo wa kwanza. Jumamosi naipeleka Ahero, na nitatafuta kiti nyuma ya mzee yule.