Kadi ya Dola Mbili na Ukuta wa Mjomba

Juzi kazini, wakati wa mapumziko, jamaa mmoja wa hapa Ohio kanionyesha kadi ya Hank Aaron, yule gwiji wa besiboli: kikaratasi kigumu chenye picha ya mchezaji, ambacho watu hapa hukusanya. Nanyoosha mkono, anairudisha kifuani kama vile nataka kumpora. "Shika pembeni," ananiambia. Kumbe kadi yenyewe mpya! Imechapwa miaka michache tu iliyopita, ila imepewa sura ya zile za miaka ya 1950. Aaron alistaafu 1976, akafariki 2021. Nikauliza bei. Dola mbili. Dola mbili ndugu zangu, na imevalishwa plastiki nzuri kuliko pasipoti yangu.

Nilicheka, kisha nikaanza kumdodosa. Hizi za kuiga ukale, nyingi hazipandi bei, maana zinachapwa kwa wingi na kila anayenunua anazitunza. Yenye bei ni ile iliyosainiwa na mchezaji kwa mkono wake, au iliyopigwa namba, tuseme zimetoka 25 tu. Yaani uhaba wa kupangwa kiwandani. Za zamani zenyewe ziliadimika kwa uzembe: watoto walizichezea, mama zao wakazitupa, na inasimuliwa kwamba Topps, kampuni inayochapa kadi hizi, ilimwaga baharini shehena ya kadi za 1952 zilizododa. Ndiyo maana kadi moja ya mwaka huo ya Mickey Mantle, gwiji mwingine wa besiboli, ambayo pembe zake hazijachakaa, iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022.

Sasa kama uhaba ndiyo mali, sisi tungekuwa matajiri wa kutupwa.

Mjomba wangu Ilala alikuwa na picha ya Filbert Bayi, mwanariadha wetu, ameikata gazetini na kuibandika sebuleni kwa uji wa ngano. Bayi yule wa Christchurch, 1974, aliyeongoza mbio za mita 1500 kuanzia mwanzo mpaka utepe na kuvunja rekodi ya dunia. Nzi walimtia madoa usoni, mvua ikamlowanisha miguu, siku fundi rangi alipokuja akapitishiwa brashi. Magazeti mengine ya siku zile tulifungiwa maandazi.

Najua mtakachosema. "Kaonja theluji, kawa Mzungu." "Watoto wanakaa chini darasani, yeye analilia makaratasi." Haya. Lakini jezi mpya ya Simba na Yanga kila msimu mnanunua, na hamsemi hela ingenunua dawati. Abdallah Kibadeni wa Simba aliwafunga Yanga mabao matatu katika zile sita za 1977, na watani bado wanatupiana maneno mpaka leo. Kichapwe kikadi chake kwa rangi zilezile za kale, ashike kalamu asaini hamsini, muone kama Kariakoo patatosha. Wa Yanga watanunua wakachome, lakini watanunua!

Wala siwasifii hawa wakusanya kadi kupita kiasi. Mtu mzima analipa wataalamu wampimie pembe za karatasi kwa lenzi, wampe alama mpaka kumi, kama mtoto wa chekechea. Hilo limenishinda.

Jamaa akaniuliza kama kwetu kuna mchezaji wa namna hiyo. Nikamwonyesha Bayi kwenye simu. Akatazama kweli, akauliza, "Kadi yake inapatikana wapi?"

Jioni nikampigia mjomba kuulizia ile picha. Akasema picha ipi, halafu akaniomba hela ya rangi, ukuta umechakaa tena.