Zima taa hata kama umeme upo

Umeme ukikatika jioni, wengi wetu huanza kwa kulalamika, na sababu zipo. Lakini giza la usiku lisiwe kitu cha kutufika kwa ajali tu. Tulichague wenyewe mara kwa mara, umeme ukiwa upo, ili tutazame nyota.

Kinachotakiwa ni subira. Anayetoka nje, akatazama juu dakika mbili na kurudi ndani, atasema hakuna cha ajabu, na kwa dakika hizo mbili ana haki. Mboni hupanuka upesi, ila kemikali inayoliwezesha jicho kuona gizani hujijenga polepole, kwa dakika 20 hadi 30, na kuchungulia simu mara moja tu kunaiharibu kazi hiyo. Simu ibaki ndani. Lala chali, piga soga na uliye naye, nyota zitaongezeka zenyewe. Ukikiona Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, kikodolee macho kwanza, kisha sogeza macho pembeni kidogo: nyota hafifu ulizokuwa huzioni zitajitokeza. Hayo si mazingaombwe. Katikati kabisa ya retina, yaani utando wa ndani nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hakuna chembe zinazohisi mwanga mdogo. Zimejaa pembeni yake. Nalipenda sana jambo hili, kwamba mwili wetu umeumbwa tayari kwa usiku. Na mwanga huo wa Kilimia ulianza safari zaidi ya miaka 400 iliyopita, kabla ya kuwapo balbu yoyote duniani.

Ndiyo maana inaniuma kwamba, kwa mujibu wa ramani ya mwanga wa taa angani iliyochapishwa na watafiti mwaka 2016, zaidi ya theluthi moja ya binadamu hawawezi kuiona Njia ya Maziwa, ule ukanda mweupe wa nyota unaokatiza angani, kutoka wanakoishi. Taa zinazomulika juu bure hutawanya mwanga hewani, na nyota zinafifia. Usalama wa nyumba nao ni muhimu, sikatai, lakini taa yenye kifuniko inayomulika chini, pale mguu unapokanyaga, inatosha kabisa. Tena uchafuzi huu wa mwanga, tofauti na wa maji au udongo, huondoka papo hapo swichi inapozimwa.

Kwa hiyo chagueni usiku usio na mwezi, waambieni majirani mapema, mzime taa za nje kwa saa moja. Watoto waruhusiwe kuchelewa kulala.